Miguu na Mikono: shajara ya picha tano juu ya magunia ya katani

Wiki ya 1

Mradi una picha tano. Kila moja ina urefu wa sentimita 200 na upana wa 125, na ndani yake amesimama mtu mmoja kwa kimo chake halisi. Mtu huyo ni mpagazi.

Sababu ya kumchagua mpagazi anaiona yeyote anayepita mzunguko wa Samora na Azikiwe, Dar es Salaam, akasimama kusoma. Sanamu ya Askari ilizinduliwa pale mwaka 1927, kazi ya shaba nyeusi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Maandishi ya kwenye jiwe lake, yaliyotungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Yanawakumbuka askari, kisha yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Inua macho sasa: juu yupo askari na bunduki yenye singe, peke yake. Maandishi yaleyale yanamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake, na jina la mpagazi hata mmoja halikuandikwa.

Sanamu ya Wajerumani iliyotangulia nayo ilimwacha. Ilisimamishwa mjini hapa mwaka 1909: Hermann von Wissmann, gavana wa zamani wa koloni la Wajerumani, juu, chini yake askari Mwafrika, bendera na simba aliyekufa. Waingereza waliiondoa baada ya kuushika mji mwaka 1916. Mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwaka 1967, na tena 1968. Ukiziweka picha za sanamu hizo mbili ubavu kwa ubavu, unaona askari amepanda kutoka miguuni pa Mjerumani hadi kileleni. Mpagazi hayumo katika ile wala katika hii. Na wapagazi walikuwa wengi kuliko askari. Walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ya 1914 hadi 1918, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina Kariakoo lenyewe ni Carrier Corps katika kinywa cha Mswahili, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo.

Picha zinachorwa juu ya gunia la katani. Mkonge, mmea unaotoa katani, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na miche iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka hiyo yakaja mashamba ya Tanga na Morogoro, na pamoja nayo manamba, vibarua waliosafirishwa kutoka mbali wakaitwa kwa namba walizopewa. Gunia la katani lina historia yake kabla brashi haijaligusa. Ndiyo maana uamuzi wa kwanza wa mchoraji ni huu: gunia lazima lionekane. Angalau theluthi moja ya kila picha itabaki bila rangi, nyuzi zikiwa katika rangi yake ya asili. Ugumu karibu wote wa kazi hii unatokana na uamuzi huo.

Wiki ya 2

Magunia 14 yamenunuliwa kwa wauza nafaka wa Kariakoo. Kila picha inahitaji mawili, kwa hiyo kumi ya kazi na manne ya akiba. Hesabu hiyo haikudumu hata siku mbili.

Matatu si katani. Ni juti, au juti iliyochanganywa. Ukiyaangalia kwa mbali huwezi kujua. Mkononi yanajulikana upesi. Uzi wa katani ni mgumu, una mng'ao hafifu, rangi yake ni ya malai, na ukiukunja kwa kucha unabaki na kovu. Uzi wa juti ni laini, una nywele nyingi, rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu, na unageuka kahawia zaidi ukikaa kwenye mwanga. Hilo la mwisho ndilo linaloukataza hapa: sehemu isiyopakwa rangi ingebadilika picha ikiwa ukutani, na uwiano wote wa mwanga na kivuli ungevurugika.

Mawili mengine yalibeba korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali ya kahawia nyeusi yanayobabua ngozi, na mafuta hayo hayatoki. Tulilijaribu moja: maji ya moto, sabuni ya unga, mara tatu. Likaonekana safi. Kipande chake kilipopakwa rangi nyeupe ya maji, madoa yalijitokeza juu baada ya siku mbili, ya manjano kwanza, kisha ya chai. Gunia la korosho likataliwe dukani. Linuse: lina harufu ya ukali inayokaa kooni. Na usililoweke kwa mikono mitupu.

Yaliyobaki tisa, pamoja na mawili yaliyonunuliwa baadaye, yameoshwa hivi. Fumua mshono wa pembeni na wa chini kwa wembe, usikate kitambaa. Kung'uta nje vumbi la nafaka (vaa barakoa, vumbi hilo lina mabaki ya dawa za wadudu). Loweka saa 12 katika maji ya kawaida, mwaga, rudia na maji ya moto na sabuni, suuza hadi maji yatoke bila rangi. Kwetu ilikuwa mara tano. Anika kivulini, limelazwa. Ukilitundika kwenye kamba likiwa limeloa, uzito wa maji unavuta mtande (nyuzi za urefu) upande mmoja, na mraba wa nyuzi unakuwa mshazari usionyooka tena.

Gunia moja likifumuliwa limetoa sentimita 110 kwa 140.

Wiki ya 3

Magunia mawili yanaunganishwa, moja juu ya jingine. Mshono unakatiza picha kwa mlalo katikati kabisa, sentimita 100 kutoka chini. Kwa mtu wa kimo cha kawaida aliyesimama, hapo ni kiganja cha mkono uliokunjwa kwenye kiwiko. Mchoraji amekubali mkono ukatizwe na mshono, lakini mshono wenyewe usiwe tuta. Ukilaza kitambaa juu ya kitambaa unapata ukingo wa milimita nne ambao brashi inaukwaa na mwanga wa pembeni unauonyesha kama ngazi. Tumekutanisha ukingo kwa ukingo, zile kingo zilizofumwa kiwandani zisizochanika, kwa sindano ya magunia na uzi uliochomolewa kutoka gunia la akiba. Mshono mmoja kila milimita nane. Ni kazi ya saa tano kwa picha moja, na vidole vinauma, lakini matokeo ni bapa.

Fremu zimetengenezwa Keko kwa mbao za msonobari zilizokauka vizuri, inchi 2 kwa 3, zikasimamishwa kwa ubavu wa inchi 3. Kona zimeungwa nusu kwa nusu kwa gundi na skrubu mbili. Ukingo wa ndani upande wa mbele umerandwa mshazari, ili kitambaa kiguse mbao kwenye ukingo wa nje tu. Usiporanda, baada ya miezi michache mstari wa mbao unajichora kwenye picha kama kivuli. Pima kona kwa kona: fremu ya 200 kwa 125 iliyonyooka inatoa sentimita 235.8 pande zote mbili. Mojawapo ilitofautiana kwa sentimita 1.2 na imerudishwa.

Wiki ya 4 na 5

Hapa ndipo muda ulipokwenda.

Mfumo wa gunia uko wazi. Kati ya nyuzi kuna tundu la milimita mbili hadi tatu. Rangi inapita ikatokea mgongoni. Njia rahisi ni kuziba kila kitu kwa rangi nzito nyeupe, lakini basi gunia limekufa, umebaki na ukuta wenye mikwaruzo. Suluhisho ni kuweka kitambaa cha pili nyuma, na kitambaa chenyewe hakikuhitaji kutafutwa mbali: merikani.

Pamba hii nyeupe isiyotiwa rangi ilikuja pwani na majahazi ya Wamarekani wa Salem, Massachusetts, katika karne ya 19, ikabaki na jina la kwao. Katika misafara ya kwenda bara ilikuwa mzigo, tena ilikuwa fedha. Mpagazi aliibeba majora kwa majora, mzigo wa kawaida ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32, na kwa merikani hiyohiyo alinunuliwa chakula na kulipwa ujira. Sasa inakaa mgongoni pa gunia na kulishika. Mtazamaji ataiona ikichungulia katika matundu, nyeupe iliyopoa nyuma ya nyuzi za rangi ya malai. Mtu asiyejua historia yake atapata mwanga wake tu, na huo unatosha kwa picha.

Utaratibu: fua merikani kwa maji ya moto kwanza, kwa sababu inarudi. Kipande cha sentimita 230 kimebaki 221. Kiwambe kwenye fremu kwa stepla, anza katikati ya kila upande ukielekea kona. Ingiza ubao wa hadibodi uliofunikwa nailoni chini ya kitambaa, ndani ya fremu, ili upate pa kukandamizia. Paka midiamu ya akriliki (kimiminika cha rangi ya akriliki kisichotiwa rangi, hapa kikiwa gundi) isiyochanganywa na maji kwa rola, laza gunia lililonyunyizwa maji kidogo, kandamiza kwa mikono kutoka mshononi kwenda nje. Midiamu inakuwa nyeupe kama maziwa na ikikauka inakuwa angavu kama kioo. Iache saa 24, kisha wamba kingo za gunia nazo.

Gundi nyeupe ya seremala tuliijaribu kwanza kwa sababu ya bei. Inashika vizuri sana siku ya kwanza. Katika unyevu wa Dar haimalizi kukauka. Vipande viwili vya majaribio vilivyolazwa uso kwa uso vilinatana usiku mmoja, na nyuzi zikageuka zikang'aa kama zimepakwa ute. Uji wa unga wa ngano, unaotajwa na baadhi ya mafundi wa zamani, ulidumu siku sita: mende wakala pembe, ukungu ukashika katikati.

Fremu ya kwanza ilipinda. Katani ikiloa nyuzi zinavimba na kitambaa kinajivuta, na nguvu hiyo ni kubwa. Mbao ndefu zilijikunja kwa ndani milimita sita. Zile nyingine nne zimeongezwa papi mbili za kukatiza na moja ya wima kabla ya kuloweshwa. Ya kwanza imefunguliwa na kuanzwa upya. Waliofanya kazi ya kufungua stepla 140 wanajua kwa nini papi zinatangulia.

Baada ya hapo, mikono miwili, yaani mipako miwili, ya midiamu iliyopunguzwa kwa maji, kwa brashi ya inchi 3: wa kwanza sehemu 1 ya midiamu kwa 2 za maji, mililita 600 kwa picha, wa pili nusu kwa nusu, mililita 400. Nyuzi zinafungwa, nywele zinalala, na rangi ya katani inazama kidogo tu, kama kitu kilichoguswa na jasho. Hapo ndipo swali la rangi ya mafuta lilipofungwa. Mchoraji alitaka kumalizia nyuso kwa mafuta ya kitani. Mafuta hayo yakikauka yanatoa asidi na kuchoma nyuzi za mimea zisizofunikwa. Zinakuwa dhaifu, mwisho zinakatika kama majani makavu. Kwenye kitambaa kilichozibwa pande zote haina shida. Kwenye kitambaa ambacho theluthi yake iko wazi kwa makusudi, mafuta yangetambaa kwenye nyuzi na kuweka utandu wa kahawia kuzunguka kila sura. Kazi yote itakuwa akriliki.

Wiki ya 6

Picha za zamani za wapagazi zipo, za Wajerumani na za Waingereza. Karibu zote zimepigwa kwa namna moja: safu ya watu na mizigo, mzungu mmoja pembeni, naye ndiye mwenye jina katika maelezo. Mchoraji amezitazama ili kujua mizigo ilifungwaje na nguo zilivaliwaje, na hatanakili sura wala msimamo wowote kutoka humo. Ukinakili msimamo unanakili na amri iliyomsimamisha mtu.

Watakaochorwa ni wabeba mizigo wa Kariakoo wa leo, watano, wanaume wanne na mwanamke mmoja. Masharti yameandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, nakala mbili: malipo kwa saa sawa na kipato cha siku nzuri, mapumziko kila dakika 20, haki ya kuiona picha kabla haijatoka, na haki ya kukataa sura yake isionyeshwe. Kazi inafanyika Jumapili asubuhi, maana siku nyingine mteja hangoji.

Namna ya kusimama wanaiamua wao. Mchoraji alikuwa ameandaa michoro ya mtu aliyeinama chini ya mzigo, na yote imewekwa kando baada ya kikao cha kwanza. Mbebaji anayejua kazi hainami. Anayeinama anaumia kiuno kabla ya saa nne asubuhi. Shingo inakaa wima, kidevu kinarudi nyuma kidogo, magoti yanalegea, na uzito wote unashuka kwenye visigino. Askari wa shaba anachupa mbele. Hawa wametulia kama nguzo. Tofauti hiyo inaonekana hata katika mchoro wa dakika tano.

Mzigo umeondolewa katika picha zote. Shingo, mabega na magoti vinabaki kama mzigo ungalipo. Kichwani inabaki ngata.

Wiki ya 7 hadi 9: picha ya kwanza

Mchoro wa awali ni mkaa, moja kwa moja juu ya gunia, bila projekta. Nyuzi za gunia zenyewe ni gridi. Kila sentimita kumi umefungwa uzi mwekundu wa kushonea kutoka ukingo hadi ukingo, na unatolewa baadaye. Mkaa ulionyooka hauwezekani hapa. Mstari unarukaruka juu ya nyuzi, kwa hiyo umbo linajengwa kwa kivuli badala ya mstari.

Tatizo kubwa limekuwa ngozi. Ngozi nyeusi juu ya katani ya rangi ya malai inasoma vizuri kwa mbali. Ukikaribia, imekuwa bapa kama kivuli kilichokatwa kwa mkasi. Jaribio la kwanza lilikuwa kupaka nyeupe chini ya mwili. Matokeo yalikuwa mabaya: kila rangi iliyofuata juu yake ilipauka ikawa ya majivu, na sura ikaonekana kama imepakwa poda. Wachoraji wengi wanaofundishwa kwa vitabu vya Ulaya huanguka hapa, kwa sababu mbinu ya kuanzia kwenye nyeupe ilitungwa kwa ajili ya ngozi nyingine.

Kilichofanya kazi ni msingi mwekundu. Ile rangi ya unga nyekundu ya sakafu za saruji, inayouzwa kwenye maduka yote ya vifaa vya ujenzi, ni oksaidi ya chuma, na oksaidi ya chuma haipauki juani. Loanisha unga kwa maji hadi uwe tope zito, saga juu ya kioo kwa kitako cha glasi nzito dakika kumi, kisha changanya sehemu 1 ya tope kwa 3 za midiamu. Jaribu kwa kupangusa na kitambaa cheupe ikikauka: ikiacha wekundu, midiamu ni chache. Mkono mmoja, mwembamba, mwilini tu. Juu yake kivuli ni amba iliyochomwa (rangi ya kahawia nzito) sehemu 2, buluu ya altramarini 1. Nyeusi ya kopo haijatumika popote. Wekundu unabaki ukichungulia kwenye mashimo ya mfumo, na ndio unaoipa ngozi damu.

Mwanga una rangi mbili. Juu ya paji, mfupa wa shavu na bega kuna anga: altramarini na nyeupe kidogo sana, ncha ya kisu. Chini ya kidevu na upande wa ndani wa mkono kuna joto la ardhi, oka ya manjano na tone la oksaidi. Ukizibadilisha nafasi, mtu anaonekana amewashiwa taa ya ndani ya nyumba.

Kiganja cha mkono wa kulia kimechukua siku nne. Mshono unapita kwenye vifundo vya vidole. Ngozi ya juu ya kifundo cha mbebaji ni nene, ina mikunjo iliyopauka, na kwenye kidole gumba ukucha umepasuka kwa urefu. Mchoraji hakuufunika mshono kwa rangi. Nyuzi zake nane zilizokatiza vifundo zimeachwa bila kitu, na rangi inaishia pande zote mbili. Ukisimama hatua mbili, vidole vinashikana. Ukisogea, unaona ni magunia mawili yaliyoshonwa.

Akriliki inakauka upesi mno saa sita mchana, brashi ikikokota kabla rangi haijachanganyika. Kazi ya nyuso imehamishiwa saa 12 hadi saa 4 asubuhi, na nyuzi zinanyunyiziwa maji kwa chupa ya vinyozi.

Wiki ya 10: picha ya pili na ya tatu

Zimekwenda haraka, mapishi yakiwa yamejulikana.

Ngata ya picha ya tatu ni ya kanga, yule mwanamke alikuja nayo mwenyewe. Kanga imeviringwa mara mbili na ncha imechomekwa ndani, na katika msokoto yanaonekana maneno matatu tu ya jina lake. Mengine yamemezwa na mkunjo. Mchoraji ameyaacha matatu hayo kama yalivyokaa. Kanga halisi haikugandishwa kwenye picha, ingawa wazo hilo lilikuwapo: nyingi za sasa zina polista, midiamu haizishiki sawasawa, na rangi yake ya chapa inavuja ikiloa. Imechorwa.

Wiki ya 11 na 12: masika

Ukungu. Madoa ya kijani iliyopauka mgongoni pa picha ya kwanza, kwenye merikani, sehemu ya chini iliyoegemezwa ukuta wa bloku. Ukuta wa saruji unapumua maji katika masika, na pamba iliyopakwa midiamu upande mmoja tu inayanywa kwa upande mwingine. Kosa ni letu: mgongo ulipaswa kupakwa pia.

Tiba: picha imetolewa kwenye upepo siku kavu, ukungu umebanduliwa kwa brashi kavu nje ya jengo, umepanguswa kwa spiriti, ukakaushwa siku mbili, kisha mkono mmoja wa midiamu nusu kwa nusu mgongoni. Madoa matatu yamebaki, kila moja kama ukucha. Zote tano sasa zimepakwa nyuma na zinasimama juu ya matofali, sentimita kumi kutoka ukutani, feni ikiwa imewashwa usiku.

Unyevu umeleta jambo jingine. Tabaka la rangi angavu, inayoonyesha kilicho chini yake, likipakwa nene halimalizi kuwa angavu, linabaki na weupe ndani kwa sababu maji yamefungiwa. Kwenye picha ya pili shavu lilipata wingu kwa siku tisa. Tabaka tatu nyembamba, kila moja ikiachwa usiku kucha, ndiyo njia.

Wiki ya 13 na 14: picha ya nne

Hii ndiyo inayozihusu sanamu moja kwa moja, na ndiyo ngumu kuliko zote kimpango. Mpagazi amesimama barabarani, jiwe la sanamu liko nyuma yake. Kwa kuwa yeye ana kimo chake halisi na fremu inaishia juu ya kichwa chake, shaba karibu yote haionekani. Kwenye ukingo wa juu kabisa inaingia soli ya kiatu cha askari na vitambaa vilivyozungushwa mguuni, basi. Michoro ya jiwe imefanywa palepale Jumapili asubuhi kabla ya magari.

Barabara hiyo imeitwa Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue, sasa ni Samora. Sanamu imebaki huku majina yakibadilika kuizunguka, na mchoraji alitaka tabaka hizo ziwe za rangi kweli, zisiwe habari ya kusimuliwa pembeni. Kwa hiyo msingi wa sanamu ya Wissmann umechorwa kwanza, kwa amba, pamoja na askari wa chini na bendera. Ukaachwa wiki nzima ukomae. Juu yake likapakwa jiwe la Waingereza kwa kijivu kilichofunika kabisa. Baada ya wiki nyingine, msasa namba 120, mkavu, uliofungwa kwenye kipande cha mbao. Msasa unagusa vilele vya nyuzi tu, mahali mtande unapopanda juu ya mshindio (nyuzi za kukatiza). Vilele vinarudi kwenye picha ya Wajerumani, mabonde yanabaki na ya Waingereza. Macho hayajui yashike ipi, na hilo ndilo lililotakiwa.

Msasa una mipaka yake. Akriliki yenye joto inalainika na kuziba msasa kwa dakika moja, hivyo ni kazi ya alfajiri. Ukibonyeza sana unakula midiamu na kufikia nyuzi. Pembe ya kushoto chini imefikiwa, nywele zimesimama, na imebidi kupakwa midiamu upya. Kufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji kumekatazwa: maji yanainua nywele zilizokatwa. Tumia brashi kavu.

Mwili wa mpagazi haukuguswa na msasa. Yeye amechorwa mwisho, juu ya vyote.

Wiki ya 16

Suala la majina limeamuliwa. Lilipendekezwa kuandika namba kwa stensili, kama alama za gunia, kukumbusha manamba. Jaribio lilifanyika kwenye kipande cha akiba, kwanza kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, aina aliyotumia Edward Saidi Tingatinga kwenye hadibodi. Kwenye ubao mgumu inadumu. Kwenye kitambaa kinachocheza ilipasuka ilipokunjwa mara ya pili. Akriliki kwa sponji kavu ilikaa vizuri. Lakini wachorwaji walipoonyeshwa, wanne kati ya watano hawakuitaka namba, na sharti la karatasi lina nguvu. Namba zimefutwa katika mpango.

Badala yake kila mmoja ameandika jina lake kwa mkono wake, kwa mkaa, kwenye katani iliyoachwa wazi upande wa chini kulia. Mmoja ameandika jina analoitwa sokoni. Mmoja ameandika la babu yake pamoja na lake. Mkaa umewekewa midiamu nusu kwa nusu kwa chupa ya kunyunyizia kutoka sentimita 40, mara nne nyepesi. Kwa brashi ungefutika.

Picha ya tano imeshonwa na kuwambwa, msingi mwekundu umekauka. Inahitaji vikao vitatu vya Jumapili. Uzito wa picha iliyokamilika ni kilo 11, kwa hiyo kila moja inataka boliti mbili za milimita 8 ukutani, na papi ya msonobari nyuma ili isimame sentimita tano mbele ya ukuta na hewa ipite. Kitako cha fremu kitakuwa sakafuni kabisa, miguu ya mpagazi usawa wa miguu ya mtazamaji. Boliti zimenunuliwa Gerezani, papi bado.